Nilivyoufufua mkono wa ngazi wa mvule

Ngazi ya nyumba yetu Tanga ina mkono wa mvule, na chini yake nguzo ndogo za kukereza, yaani zilizochongwa zikizungushwa. Kwa miaka mingi kila aliyepaka alipaka juu ya vanishi kuukuu, mpaka ukawa mweusi, unanata kukiwa na joto na kubanduka pale viganja vinapopita. Nilishauriwa niung'oe niweke wa chuma. Nilikataa. Mvule wa unene ule siku hizi ni ghali, na chini ya weusi ule mbao ilikuwa nzima kabisa.

Kwanza nilichovya pamba kwenye spiriti, nikasugua upande wa ukutani. Polishi ya shelaki ingelainika na kuchafua pamba. Haikulainika, nikajua hii ni vanishi ya mafuta. Basi nikapaka dawa ya kubandulia rangi, nikaiacha ivimbishe vanishi, nikakwangua kwa skrepa na kufuta mabaki kwa thina.

Kazi yenyewe iko kwenye zile nguzo. Skrepa haiingii kwenye mifuo ya kereza. Nilichana msasa wa kitambaa vipande vyembamba, nikauzungusha kwenye mfuo na kuvuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu. Unakwenda polepole, lakini duara linabaki duara na kona hazifi.

Mkono wenyewe nilianza na msasa namba 80, kisha 120, nikamalizia 180, kila mara nikifuata nyuzi za mbao. Mkwaruzo uliokata nyuzi huuoni mbao ikiwa kavu. Steini, yaani rangi inayozama ndani ya mbao, ikiingia, unajichora wote. Nilikuwa nafumba macho na kupitisha kiganja juu hadi chini, kwa sababu kitu hiki hushikwa zaidi ya kutazamwa. Vumbi la mvule linawasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa, mikono mirefu na madirisha wazi.

Steini niliijaribu kwanza chini ya mkono, pasipoonekana. Niliipaka kwa kitambaa, nikaiacha inywe kidogo, nikafuta iliyozidi kabla haijakauka. Kwenye vichwa vya nguzo kubwa, mbao ilipokatwa kukingama, hunywa sana na kuwa nyeusi; pale nilipiga msasa laini zaidi na kufuta haraka.

Mama aliuliza, "Mwanangu, sasa mimi nitashika wapi?" Tukamhamishia chumba cha chini mpaka kazi iishe, maana kupanda bila kushika siwezi kumruhusu.

Vanishi niliipiga asubuhi, baada ya umande kukauka, na nilisubiri masika yapite; hewa ya pwani ikiwa na maji mengi, vanishi inachelewa kukauka na kukusanya vumbi. Kopo usilitikise, koroga taratibu, la sivyo mapovu yataganda juu ya mbao. Safari ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, niliichanganya na tapentaini kidogo ili izame. Kila ilipokauka nilipitisha msasa namba 220 kwa wepesi, nikafuta vumbi, nikapiga tena. Nguzo ya chini, wanapojizungushia watoto, niliiongezea safari moja.

Vitambaa vya steini ya mafuta usivikunje ukavirundika. Hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Nilivitandaza nje, kimoja kimoja, vikauke kabla ya kuvitupa.