Waliobaki na vyombo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeamka usiku mara mbili nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya kuona aibu kuisimulia. Jumapili iliyopita usharika wetu ulikuwa na sherehe ya shukrani. Mimi na akina mama wenzangu wanne tulikesha jikoni tangu Jumamosi, sufuria saba za pilau, macho mekundu kwa moshi. Ulipofika wakati wa kushukuru, majina yakasomwa: mgeni rasmi, wafadhili, kwaya zilizoalikwa, mpaka kijana aliyetuazima spika. Wa jikoni hakutajwa hata mmoja. Nilitabasamu nikaendelea kugawa sahani, lakini moyoni nilikuwa nimeshahama usharika.

Jumanne nikawa na shughuli zangu Posta, hapa Dar es Salaam. Nimepita pale kwenye Sanamu ya Askari tangu nikiwa binti, sikuwahi kusimama. Safari hii nilisimama, labda kwa sababu nilikuwa natafuta mwenzangu wa kunung'unika naye. Askari yule wa shaba ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Waingereza walimweka mwaka 1927. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini sanamu ya gavana wao, Wissmann, na miguuni pake askari Mwafrika akimwangalia bwana mkubwa kwa chini. Huyu wa sasa angalau hana mtu kichwani.

Maandishi yake yanawakumbuka askari Waafrika wa vita ya 1914 hadi 1918, kisha yanawataja wapagazi: hao, yanasema, walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yanatoa ahadi, kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Jina lipi, sasa? Pale hakuna jina hata moja.

Mnajua Kariakoo ilivyopata jina lake. Ni ile Carrier Corps ya Waingereza, kikosi cha wapagazi, kambi yao ilikuwa pale. Nairobi nao wana Kariokor yao. Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe wa jeshi, barabara hakuna, basi chakula na risasi vikapanda juu ya vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao 95,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Ni kuhara, malaria, njaa na baridi ya milimani. Aliyetunga maneno ya sanamu ile, mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, alimpoteza mwanawe vitani Ufaransa mwaka 1915, akafa bila kujua kaburi lake lilipo, na alifanya kazi na tume iliyosimamia makaburi ya vita ili kila aliyekufa awe na jina lake kwenye jiwe. Wapagazi wetu hawakupewa mawe hayo. Ilipofika 2021 ndipo tume ile ile ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina yao, na pengine wengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi.

Hata sinema za vita anazotazama mwanangu ni hivyo hivyo. Shujaa anapigana siku tatu mfululizo, na mimi wa kamati ya chakula nabaki najiuliza nani anampikia.

Jioni nilimpigia mama simu. Najua katika ukoo wetu kuna mzee alichukuliwa kubeba mizigo asirudi. Nikamuuliza jina lake. Mama akanyamaza, halafu akasema bibi yake alikuwa akimwita tu "yule aliyekwenda na mizigo". Kama alimbebea Mjerumani au Mwingereza, hajui.

Usiku ule nilifungua 1 Samweli 30. Daudi ana watu mia sita, mia mbili wakachoka, wakashindwa kuvuka kijito cha Besori, wakabaki kulinda vyombo. Mia nne waliporudi na nyara, baadhi yao wakasema hawa wasipewe kitu. Maandiko hayawapambi watu hao, yanawaita waovu wasiofaa kitu. Daudi akakataa. Fungu la aliyeshuka vitani na la aliyebaki na vyombo litakuwa sawasawa, na akaifanya kuwa amri katika Israeli. Na Paulo anatuambia kichwa hakiwezi kuiambia miguu, sina haja na ninyi.

Wapendwa, nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwapiga wazee wa kanisa kwa andiko hilo. Tena wanastahili kidogo! Tunasoma majina ya waliotoa fedha kana kwamba Mungu anatunza daftari la wahisani tu. Anayefua mavazi ya madhabahu, anayedeki vyoo baada ya ibada ya pili, anayemsukuma mgonjwa kwenye kiti chake mpaka mlangoni, hao ni wa "na wengineo". Acheni. Mkishukuru, anzieni nyuma ya kanisa mje mbele.

Lakini Roho hakuniachia niishie hapo. Aliniuliza swali moja: mlinzi wa kanisa anaitwa nani? Miaka sita ananifungulia geti saa kumi na moja alfajiri nikienda kuwasha moto. Ananishushia kuni. Mimi humwita "mlinzi", na nikiwa na furaha, "babu".

Alhamisi nilimpelekea chai na maandazi, nikamwamkia, nikamuuliza jina lake. Alisimama. Akanitajia la ubatizo, na la baba yake, kisha akaniuliza kama kuna kosa amefanya.