Injili Iliyobeba Jina la Petro

Masomo: Luka 1:1-4, Marko 15:33-39

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Zinasambaa kwenye simu zetu video zinazodai kwamba maaskofu walikutana Nikea mwaka 325 wakapiga kura, Injili nne zikapita na nyingine zikafichwa. Vijana wetu wanauliza, na wana haki ya kujibiwa. Mtaguso wa Nikea ulishughulikia mafundisho ya Arius, padri aliyekana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu haikuwa hoja yake. Tena yapata mwaka 180 Irenaeus, askofu wa Lyon, alikwisha kuandika kwamba Injili ni nne, hazizidi wala hazipungui. Lakini kijana mwenye swali hatatulizwa na miaka tu. Tumpe kisa.

Mwishoni mwa karne ya 2, Antiokia, mji ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, ilikuwa na askofu aitwaye Serapion. Alipowatembelea waumini wa Rhossus, mji uliokuwa jirani, alikuta mvutano juu ya kitabu kilichoitwa Injili ya Petro. Yeye mwenyewe hakuwa amekisoma. Aliwadhania wote kuwa na imani moja, akasema kama ugomvi ni huo tu, basi kisomwe. Baadaye akapata habari kwamba wapo wanaovutwa na fundisho la wale waliosema Kristo alionekana tu kama mwanadamu, bila mwili wa kweli. Ndipo akakiazima kitabu kwa watu wa kundi hilo hilo, akakipitia, akawaandikia Rhossus: mengi humu yanapatana na mafundisho sahihi ya Mwokozi, ila yapo yaliyoongezwa, nayo ni haya. Sehemu ya barua hiyo tunayo leo kwa sababu Eusebius, askofu wa Kaisaria, aliinukuu katika historia yake ya Kanisa.

Namheshimu sana mzee huyu. Alikubali kubadili uamuzi wake mbele ya kondoo wake, na hata alipokipinga kitabu hakukana chema kilichokuwamo. Paulo aliwaambia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Serapion alifanya hivyo akiwa na kitabu mkononi.

Kitabu chenyewe kilipotea kwa karne nyingi. Kisha, katika majira ya baridi ya 1886-87, wachimbuaji Wafaransa walipata kipande chake huko Akhmim, Misri, ndani ya kaburi linalosemekana kuwa la mtawa. Kwa hiyo leo nasi tunaweza kusoma. Humo Bwana anasulubiwa na kunyamaza kana kwamba hana maumivu. Badala ya "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" analia kwamba nguvu yake imemwacha. Siku ya tatu askari wanaona watu watatu wakitoka kaburini, kichwa cha mmoja kikipita mbingu, na msalaba ukiwafuata nyuma; sauti kutoka mbinguni inauliza kama amewahubiria waliolala, na msalaba unajibu, "Ndiyo."

Wapo wataalamu wanaosema maneno hayo ya maumivu yanaweza kueleweka vizuri, na huenda mwandishi alitaka tu kusifu uvumilivu wa Bwana. Sawa. Ila mimi nikikaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani, sina la kumwambia kutoka katika ukurasa huo. Ninalo la kumwambia kutoka kwa Marko, ambaye hakuogopa kuandika kilio chote. Na angalieni jambo hili: hakuna hata moja ya Injili zetu nne inayosimulia Yesu akitoka kaburini. Zinatupa jiwe lililoviringishwa, kaburi tupu na wanawake waliotetemeka. Waandishi wake hawakujaza pale ambapo hawakuwa na shahidi.

Kuna na suala la jina. Kitabu cha Akhmim kinasema wazi, "Mimi, Simoni Petro." Marko hajitaji popote katika Injili yake. Ni Papias, askofu wa Hierapoli, mwanzoni mwa karne ya 2, anayetuarifu kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika alivyokumbuka, ingawa si kwa mpangilio. Marko ni nani? Kama ndiye Yohana Marko wa Matendo, kama Kanisa lilivyopokea, basi ni yule aliyewaacha wenzake Pamfilia, hata Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake. Kanisa lilikuwa na kitabu chenye jina la mtume mkuu, likakiweka kando, likashika hiki cha msaidizi. Kama lengo lingekuwa kutafuta majina makubwa, uchaguzi huu haueleweki.

Wiki hii kila nyumba isome Marko 14 hadi 16 kwa sauti, kwa mkao mmoja, watoto wakiwepo. Na vijana wanaotaka kukiona kipande cha Injili ya Petro wasikatazwe. Ni kifupi, kinamalizika kwa muda mdogo. Wakisome kando ya Marko, waandike maswali yao, wayalete kwenye jumuiya tuyajadili pamoja.