Kikao saa mbili usiku, lakini saa mbili ya wapi?

Mwaka 2024 familia yetu ilikuwa na harusi ya Desemba, nami nikapewa ukatibu wa kamati. Kazi ya katibu inajulikana: kuandika mihtasari, kufuatilia ahadi za michango, kuwakumbusha watu vikao. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonipeleka kwenye terminali ya Linux, yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri, kwa sababu kamati yetu haikai mji mmoja. Baba Mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti, yuko Dar es Salaam kama mimi. Mjomba yuko Muscat, Shangazi London, Mama Mdogo Toronto, na binamu yetu anafanya kazi Lubumbashi. Tulikutana mtandaoni kila Jumapili.

Ukiandika kwenye kundi la WhatsApp "kikao ni saa mbili usiku", kila mmoja anasoma lake. Baba Mkubwa ameelewa. Shangazi anauliza, "Mwanangu, ya kwenu au ya huku?" Binamu, ambaye kazini kwake wanahesabu saa kwa Kifaransa, anajibu "20h?" Watoto wa Mama Mdogo, ambao ndio humwekea simu sawa, wamekulia Toronto, wakisikia saa mbili wanatega kengele kwenye 2:00.

Kwangu hili lilikuwa jambo la heshima. Kwenye kikao cha harusi ndipo bajeti inapopitishwa na majukumu yanapogawanywa. Mtu mzima akiingia wakati ukumbi, chakula na sare vimeshaamuliwa, anabaki kuona kwamba ameitwa kuchangia fedha tu. Sikutaka hilo limpate yeyote katika wakubwa wangu.

Nilianza na kile ambacho kila kompyuta ya Linux inacho tayari, amri ya date. Watu wengi wanaijua kwa kuonyesha saa ya sasa. Wachache wanajua kwamba ukiitangulizia jina la mji, inakupa saa ya mji huo:

TZ=America/Toronto date

Na ukitaka kujua kikao cha tarehe fulani, saa fulani ya Dar, kitakuwa saa ngapi Toronto, unaweka kanda mbili za saa kwenye amri moja. Ya nje ni ya mahali unapotaka jibu, ya ndani ni ya mahali saa ilipopangiwa:

TZ=America/Toronto date -d 'TZ="Africa/Dar_es_Salaam" 2024-10-20 20:00'

Jibu ni saa 13:00 ya Jumapili hiyohiyo. Uzuri wake ni kwamba hakuna mahali umeandika "toa saa saba". Umeandika majina ya miji tu, hesabu imefanywa na mashine. Nasisitiza majina ya miji kwa sababu vifupisho vya herufi tatu vinapotosha: CST ni ya Chicago na pia ni ya China, IST ni ya India, ya Israeli na ya Ireland. Mji hauna utata huo.

Kuna tahadhari moja ambayo ningependa kila anayejaribu aijue mapema. Ukikosea herufi katika jina la mji, date haikwambii. Andika Africa/Daressalaam badala ya Africa/Dar_es_Salaam na itakupa kimyakimya saa ya UTC, ile ambayo kanda zote hupimwa kutoka kwake, yaani saa tatu nyuma ya Dar, kana kwamba kila kitu ni sawa. Majina sahihi yamo kwenye folda ya /usr/share/zoneinfo. Pitisha humo kwanza ls, amri ya kuorodhesha yaliyomo. Na wanaotumia Mac wajue kwamba date ya kwao haina hiyo -d ya namna hii; wakisakinisha kifurushi cha coreutils kwa Homebrew, zana ya kusakinishia programu, watapata gdate, nayo inafanya kazi kama ya Linux.

Kujua saa ni jambo moja, kuchagua saa inayomfaa kila mtu ni jingine. Kabla sijawa katibu, vikao vya familia vilizoeleka kuwa saa kumi jioni ya Dar. Toronto hiyo ni saa tatu asubuhi, Mama Mdogo anajiandaa kwenda ibadani. Muscat Jumapili ni siku ya kazi, kwa kuwa mapumziko ya wiki ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na Mjomba saa hiyo hajatulia. Hapo nikatumia undertime, programu ndogo iliyoandikwa kwa Python na inayopatikana kwenye hazina za programu za Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux. Unaitajia miji yako yote mfululizo, nayo inachora jedwali la saa 24, kila mji na safu yake, saa za kazi za kila mahali zikiwa zimepakwa rangi. Unashuka na macho mstari kwa mstari hadi upate ule ambao hakuna aliyelala wala aliye ofisini. Kwetu mstari ulikuwa wa saa 20:00 ya Dar: saa 19:00 Lubumbashi, 21:00 Muscat, 18:00 London, 13:00 Toronto. Nilimwonyesha Baba Mkubwa jedwali kwenye kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye safu ya Muscat, akauliza, "Huyu hatatusinzilia kwenye simu?" Mjomba alipopigiwa alisema saa tatu usiku kwake ni sawa. Ikapita.

Oktoba ilipokaribia kwisha ndipo kazi yenyewe ikaanza. Sisi wa Afrika Mashariki hatusogezi saa. Wenzetu wa kaskazini husogeza, na hawasogezi siku moja. Uingereza, pamoja na nchi za Umoja wa Ulaya, hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, Toronto ikiwemo, husubiri hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka ule zilikuwa tarehe 27 Oktoba na tarehe 3 Novemba. Zote mbili Jumapili, zote mbili siku za kikao. Machi pengo ni kubwa zaidi, kwa sababu Marekani na Kanada hutangulia Jumapili ya pili ya Machi na Ulaya hufuata Jumapili ya mwisho. Katika majuma hayo ya katikati, tofauti kati ya London na Toronto, ambayo watu wameikariri kuwa saa tano, inakuwa saa nne.

Tarehe zenyewe nilizithibitisha kwa amri nyingine ambayo mara nyingi tayari imo kwenye Linux:

zdump -v -c 2024,2025 Europe/London

Inaorodhesha kila sekunde ambayo saa ya mji huo inaruka ndani ya kipindi ulichotaja. Ukiondoa kile kikomo cha miaka na kuielekeza Africa/Nairobi, unapata historia ambayo mimi binafsi niliikodolea macho muda mrefu. Kabla ya Mei 1908 Nairobi ilifuata jua lake, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya UTC. Kisha saa mbili na nusu, kisha tatu mwaka 1928, kisha ikarudi mbili na nusu mwaka 1930, kuanzia 1937 ikawa mbili na dakika 45, na tangu Agosti 1942 ni tatu kamili. Dar es Salaam kwenye hifadhidata ya kanda za saa, ambamo amri hizi husoma, ni kiungo tu kinachoelekeza Nairobi. Hifadhidata yenyewe ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980 na kwa miaka mingi imetunzwa na Paul Eggert. Simu, seva na kompyuta nyingi duniani hutegemea kazi hiyo. Ndiyo maana kifurushi cha tzdata, kinachobeba hifadhidata hiyo, lazima kisasishwe. Misri, kwa mfano, ilirejesha kusogeza saa mwaka 2023 baada ya kuacha kwa miaka kadhaa, na mashine isiyosasishwa haiwezi kujua hilo.

Kwa hiyo nikafanya uamuzi ambao bado nauona ndio msingi wa kila kitu: saa ya kikao ifungwe kwenye mji ambao saa yake haisogei. Dar ni 20:00 mwaka mzima, wengine watangaziwe upya kila juma. Ukiifunga London, unawahamisha watu wa Dar, Lubumbashi na Muscat kwa jambo lisilowahusu.

Tangazo la kila juma nikaliandikia skripti fupi ya bash, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano. Hapa ndipo nilipotaka mashine iongee saa kama tunavyozisema. Kwa saa ya Dar peke yake kuna njia ya mkato ninayoipenda sana. Saa yetu iko nyuma ya ile ya kimataifa kwa saa sita. Dar iko saa tatu mbele ya UTC. Basi saa ya Kiswahili ya Dar ni sawa na ukanda ulio saa tatu nyuma ya UTC. Unaweza kujitungia ukanda huo papo hapo, ukikumbuka kwamba katika maandishi ya aina hii alama hugeuzwa, kwa hiyo nyuma inaandikwa kama chanya:

TZ=SAA3 date '+%-I:%M %p'

Saa 20:00 inatoka 2:00. Na AM inaangukia kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kabla ya saa kumi na mbili jioni, PM inashika usiku wote, jinsi hasa siku yetu inavyogawanyika. Chukua saa tu hapo, tarehe usiichukue, maana inageuka alfajiri.

Kwa miji yote njia hiyo haitoshi, kwa kuwa kila mji una tofauti yake. Humo nikaongeza sita, nikagawa kwa kumi na mbili na kuchukua baki ($1 ni tarehe ya kikao unayoipa skripti):

for mji in Africa/Dar_es_Salaam Africa/Lubumbashi Asia/Muscat Europe/London America/Toronto; do
  h=$(TZ=$mji date -d "TZ=\"Africa/Dar_es_Salaam\" $1 20:00" +%-H)
  saa=$(( (h + 6) % 12 ))
  [ $saa -eq 0 ] && saa=12
  echo "$mji: saa $saa ($h:00)"
done

Kistari kwenye %-H kina kazi. Bila hicho date inatoa 08 na 09, na bash huiona namba inayoanza na sifuri kuwa ya mfumo wa nane, ambamo 8 na 9 hazimo, hesabu inakataa. Baadaye niliongeza asubuhi, mchana, jioni na usiku. Mipaka nilimwuliza Mama, kwa sababu saa moja baada ya magharibi wengine huiita ya jioni na wengine ya usiku. Alisema ya usiku, nikaandika hivyo.

Nyongeza iliyosaidia kuliko zote ni kulinganisha na juma lililopita. Skripti inapiga hesabu ya Jumapili mbili, na ikiona mji umebadilika inaweka neno. Ukitaka kurudi nyuma siku saba ndani ya date, andika "7 days ago". Ukiandika "-7 days" mara tu baada ya saa, date inaisoma -7 kama tofauti ya ukanda na kukupa jibu lisilo na maana. Tangazo la tarehe 27 Oktoba lilitoka hivi:

Dar es Salaam: saa 2 usiku (20:00)
Lubumbashi: saa 1 usiku (19:00)
Muscat: saa 3 usiku (21:00)
London: saa 11 jioni (17:00) IMEBADILIKA
Toronto: saa 7 mchana (13:00)

Shangazi alijibu papo hapo: "Asante mwanangu, ningeingia mmeshafunga." Juma lililofuata neno likahamia Toronto, saa sita mchana, na watoto wa Mama Mdogo walisoma ile 12:00 bila kuuliza.

Binamu wa Lubumbashi, ambaye sasa ni katibu wa kamati nyingine ya ukoo, hakutaka skripti. Yeye anatumia tz, programu iliyoandikwa kwa Go inayopanga saa za miji kwenye mistari ndani ya terminali. Ukibonyeza mshale wa kulia au kushoto saa zote zinasogea pamoja. Miji unaiweka kwenye TZ_LIST, ukitenganisha kwa nukta mkato, na baada ya mkato unaweza kuandika jina lolote unalotaka. Kwenye orodha yake London imeandikwa "Shangazi". Kwa kuzungumza na mtu huku mnatafuta saa, yake ni nzuri kuliko yangu. Kwa kutuma tangazo kwenye kundi, bado natumia date.