Filip Kostić, mgeni mwenzetu wa Frankfurt

Ndugu na marafiki wakinipigia simu kutoka Dar na kuuliza mpira wa Ujerumani, huwa wanauliza Bayern. Mimi nikipewa nafasi ya kuzungumza, namtaja Filip Kostić. Wengi hawamkumbuki. Ni winga wa kushoto, Mserbia, na hakuwahi kuwa na jina la kuuza jezi duniani. Lakini sisi tunaoishi Frankfurt tulimwona akibadilika mbele ya macho yetu, na kwa mtu aliyeacha kwao kutafuta maisha, safari yake ina mengi ya kusema.

Alizaliwa Novemba 1992 huko Kragujevac, mji wa viwanda katikati ya Serbia. Mji huo uliishi kwa Zastava, kiwanda cha magari na silaha, na mwaka 1999 ndege za NATO zilikipiga mabomu. Kostić alikuwa mtoto wa miaka sita. Mpira aliuanzia palepale, Radnički Kragujevac, na mwaka 2012, akiwa na miaka 19, akafunga safari kwenda Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Miaka miwili baadaye Stuttgart wakamchukua, akaingia Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Mwaka 2016 Stuttgart wakashuka daraja. Hamburg wakamnunua kwa euro milioni 14 hivi, fedha ambazo klabu hiyo haikuwahi kumlipia mchezaji yeyote kabla yake. Hamburg ilikuwa klabu pekee iliyocheza Bundesliga kila msimu tangu ligi hiyo ianze mwaka 1963, na uwanjani kwao walikuwa na saa kubwa iliyohesabu miaka, siku na dakika walizodumu ligi kuu. Mei 2018 nao wakashuka. Mashabiki wakarusha fataki za moshi mweusi uwanjani, mechi ikasimama.

Fikiria hali ya huyo kijana. Yuko ugenini, klabu mbili mfululizo zimeshuka yeye akiwemo, na ya pili ilimlipia dau la kuvunja rekodi. Magazeti yana kawaida ya kutafuta wa kubeba lawama, na mgeni ghali hapatikani kwa shida. Sisi tuliokuja huku tunaijua hali hiyo kwa namna yetu. Unafika na vyeti vyako, unawekwa mahali ambapo ulichonacho hakihitajiki, halafu unapimwa kwa kile usichokuwa nacho. Mwajiri wangu wa kwanza hapa aliandika kwenye barua kwamba sina kasi inayotakiwa. Kazi ya mizigo ninayofanya sasa uwanja wa ndege, kasi ndiyo wanayonisifia.

Klabu ya mji wetu, Eintracht Frankfurt, walimchukua Kostić majira hayohayo ya kiangazi, kwa mkopo, baadaye wakamnunua moja kwa moja. Kocha Adi Hütter, aliyekuwa ametoka Uswisi kwa Young Boys ya Bern, alipanga mabeki watatu nyuma, na ule upande wote wa kushoto, kuanzia kwenye kona yetu hadi kwenye kona ya wapinzani, akamkabidhi Kostić peke yake. Wengi walishangaa. Winga anapewa kazi ya ubeki? Mtu ambaye hakusifiwa kwa kukaba?

Ilikuwa akili kubwa. Kostić akipokea mpira amesimama, beki yuko mbele yake, si mchezaji wa kutisha. Hana chenga nyingi, na mguu wa kulia anautumia pale tu asipokuwa na njia nyingine. Lakini akianzia mbali, nyuma ya mstari wa katikati, akaja mbio ana nafasi mbele yake, hapo beki yuko mashakani. Halafu hahitaji kumpita beki kabisa. Anausogeza mpira kidogo tu kushoto, anapata upenyo wa nusu mita, anaachia. Na majalo yake, yaani mipira ya kupigwa kutoka pembeni kuelekea golini, hayakuwa ya kuinua mpira juu ukaelea. Yalikuja kwa nguvu, usawa wa goti au wa kiuno, kati ya kipa na mabeki, mahali ambapo straika akigusa tu ni goli na beki akigusa huenda akajifunga. Uwanja mzima ulijua atakachofanya. Beki naye alijua. Dakika ya themanini na tano alikuwa bado anakifanya vilevile.

Msimu huo wa kwanza mbele walikuwapo Luka Jović, Sébastien Haller na Ante Rebić, wakafika nusu fainali ya Europa League, kombe la pili kwa ukubwa la klabu za Ulaya, na kutolewa na Chelsea kwa penalti. Kiangazi kile wote watatu waliondoka. Kostić akabaki akimimina majalo yaleyale kwa wengine. André Silva alipofunga magoli 28 ya Bundesliga msimu wa 2020/21, moja zaidi ya Erling Haaland, sisi wa mji huu tulijua mengi yalianzia mguu gani.

Mwishoni mwa Agosti 2021 alitaka kwenda Lazio ya Italia. Frankfurt wakakataa, naye akagoma kuja mazoezini, akaachwa nje ya kikosi. Kazini kwetu yupo mzee mmoja Mserbia ambaye baba yake alikuja wakati Ujerumani Magharibi ilipoanza kuchukua vibarua wa Yugoslavia kwa mkataba wa 1968. Wiki ile hakutaka kuongea na mtu. Alimwona Kostić amewaaibisha. Mimi sikukubaliana naye, na bado sikubali. Kugoma hakukuwa kuzuri kwa wenzake, sawa, lakini anayetaka kuondoka kwenda kwenye maslahi zaidi, sisi ni nani wa kumnyoshea kidole? Sote tuliacha watu.

Dirisha la usajili likafungwa, akarudi kazini. Na alivyofanya kazi msimu ule ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Aprili 14, 2022, robo fainali ya Europa League, Camp Nou, uwanja wa Barcelona. Mechi ya kwanza ilikuwa sare ya 1-1. Tiketi rasmi za wageni zilikuwa kama 5,000, lakini waliosafiri kutoka huku na kuingia uwanjani walikadiriwa kufika 30,000, wengi wamevaa nyeupe, hata Barcelona wenyewe wakalalamika kwamba hawako nyumbani. Dakika ya nne penalti, Kostić akafunga. Straika wetu Rafael Borré akaongeza la pili kwa shuti la mbali. Dakika ya 67 Kostić akapata mpira kushoto ndani ya boksi, akaupiga chini, mbali na kipa. Tatu bila! Barcelona walirudisha mawili dakika za nyongeza, muda ukawa umekwisha. Usiku ule honi za magari hazikulala mtaani kwetu, Waturuki, Waeritrea, Wamoroko, Wajerumani, wote nje.

Fainali ilikuwa Mei 18 mjini Sevilla dhidi ya Rangers. Joto kali. Joe Aribo akawatanguliza Waskoti, na dakika ya 69 likaja jalo la chini kutoka kushoto, Borré akateleza katikati ya mabeki wawili akasukumia wavuni. Ilikuwa 1-1 hadi penalti. Aaron Ramsey wa Rangers akakosa, kipa wetu Kevin Trapp akaokoa kwa mguu. Aliyefuata kupiga alikuwa Kostić, akafunga, kisha Borré akamaliza kazi. Frankfurt haikuwa imechukua kombe la Ulaya tangu 1980. UEFA wakamtangaza Kostić mchezaji bora wa mashindano hayo kwa msimu mzima.

Kesho yake walipolipandisha kombe kwenye roshani ya Römer, jumba la manispaa ya Frankfurt, yule mzee wa kazini alikuwa chini pale kwenye uwanja wa mbele ya jumba, analia, ameshika bendera mbili.

Agosti ya mwaka huohuo Kostić akaenda Juventus ya Turin, Italia. Hata mechi ya Super Cup dhidi ya Real Madrid hakuicheza, kwa sababu uhamisho ulikuwa umekaribia kukamilika. Turin alipata Coppa Italia ya 2024. Mwezi uliofuata, kwenye Euro iliyofanyika hapahapa Ujerumani, aliumia goti mechi ya kwanza ya Serbia, dhidi ya Uingereza kule Gelsenkirchen, akatolewa kabla ya mapumziko. Msimu uliofuata alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo chini ya José Mourinho, kisha akarudi Turin.

Safari hii mzee hakununa. Aliniambia kijana amelipa deni lake, aende zake. Tunabishana jambo moja tu: yeye anasema Jović ndiye Mserbia mwenye kipaji kikubwa zaidi aliyewahi kuvaa jezi ya Frankfurt, na mimi namjibu kwamba labda, lakini Jović alikuwa na misimu miwili mizuri hapa, na Kostić alipita ule mstari wa kushoto miaka minne.