Mia yenye pengo

Nina duka la rejareja Ngamiani, hapa Tanga, na chenji yangu naipata kwa babu mmoja muuza kahawa. Anazunguka na dele lake kwenye mabaraza tangu alfajiri, na ikifika saa nne mfuko wake wa sarafu umekuwa mzito kuliko dele lenyewe. Mimi nampa noti, yeye ananimwagia mia na mia mbili kauntani, tunahesabu pamoja. Miaka mingi nilihesabu bila kutazama.

Asubuhi moja kidole kikakwama. Ilikuwa mia ya mwaka 1994, Mwalimu Nyerere upande huu, swala upande ule, lakini ukingoni pana pengo lililoingia ndani kwa mviringo, kama mtu kamega kashata.

"Hiyo mbovu, mwanangu. Lete nikubadilishie."

"Niachie hiyohiyo, babu."

Habari za sarafu zinazonunuliwa kwa mamilioni nilikuwa nimeshazipokea kwenye WhatsApp, na zinanikera, maana wapo majirani zangu waliotuma hela ya "usajili" kwa mnunuzi ambaye hakuwepo. Kwa hiyo sikuuliza kwanza ina thamani gani. Nilitaka kujua pengo limetokea wapi: kiwandani au mtaani. Sarafu iliyoharibika mtaani hubaki kuwa mia tu, hata ikiwa na sura ya ajabu namna gani.

Anayekata biskuti kwa mdomo wa bilauri atanielewa haraka. Ukiiweka bilauri ikapanda kidogo juu ya tundu la biskuti uliyotangulia kuikata, inayofuata hutoka na pengo la mviringo. Kiwandani ni vilevile: bamba la chuma linasukumwa chini ya mashine ya kukata, na likichelewa kusogea, duara linatoka pungufu. Duara hilo hubanwa kando ili liinue ukingo, kisha ndipo linapigwa muhuri wa picha na maandishi.

Hapo kwenye kubanwa ndipo penye ushahidi. Palipo na pengo mashine haina cha kukandamiza, basi na upande unaolielekea haubanwi sawasawa. Niliigeuza mia yangu chini ya taa, nikafuata ukingo kwa ukucha kuanzia kwenye pengo mpaka ng'ambo ya pili. Ukingo ulikuwa umesimama vizuri, halafu ukalala, ukawa karibu bapa, halafu ukasimama tena. Mtu mwenye tupa hawezi kulitengeneza hilo, kwa sababu tupa inakula upande mmoja tu. Nikaitazama na rangi. Mia ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, ndiyo maana sumaku inainasa. Ndani ya pengo langu njano ilikuwa imeenea kama kwingine kote, yaani pengo lilikuwepo kabla ya kupakwa. Sonara wa jirani akaniwekea kwenye mizani yake pamoja na mia nyingine tano za mwaka huohuo. Zile tano zilikaribiana sana, yangu ikawa nyepesi kuliko zote.

Mtaa ukajua kwamba natafuta sarafu zenye pengo. Wiki haikuisha, kijana mmoja akaniletea yake. Pengo zuri tu kwa macho, lakini ndani yake chuma kilikuwa cheupe chenye mikwaruzo iliyonyooka, na ukingo wa upande wa pili umesimama imara. Nikamwambia asubiri siku chache, upepo wetu wa bahari utasema. Alirudi nayo ikiwa na kutu palepale palipokatwa.

Kuna na kasoro nyingine: maandishi ya sarafu yanayoonekana mara mbili, kama yana kivuli. Hayo yalinisumbua zaidi, na nimeyaokota mengi yasiyo na maana. Kivuli kikiwa bapa, kama ngazi iliyolala kando ya herufi na kuipunguza unene, muhuri ulitikisika tu wakati wa kupiga. Hilo ni jambo la kila siku, haliongezi bei. Muhuri wenyewe ukiwa umechongwa mara mbili, herufi huwa nene, na pembe zake zinapasuka kama ulimi wa nyoka.

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye kopo la marehemu bibi. Mlikuwa na senti kumi za Afrika Mashariki, zile za tundu katikati na pembe za ndovu kandokando, na moja tundu lake lilikuwa limehama waziwazi kutoka katikati. Nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa. Mkusanyaji wa Dar niliyemtumia picha alijibu kwa neno moja: "Umeisafisha." Ngozi ya miaka yote ile niliiondoa kwa dakika tano, na hairudi. Mpaka leo inaniuma.

Kopo hilohilo lilikuwa na senti kumi ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Nilidhani hiyo ndiyo mali. Kumbe zilipigwa kwa mamilioni, na wakusanyaji wanazo tele. Ufupi wa utawala haukuzifanya kuwa adimu.

Bei za mia yangu nilizitafuta kwenye minada ya mtandaoni. Zile wanazotaka wauzaji nikaziacha, maana kila mtu anaweza kuandika milioni. Nikatazama zilizouzwa kweli, za nchi nyingine, zenye pengo la ukubwa kama wa kwangu, mwaka ukisomeka na sura haijachakaa. Pengo dogo ni kasoro ya kawaida na huuzwa kwa hela ya kawaida. Halafu wanaokusanya sarafu zetu si wengi, kwa hiyo nikashusha tena. Nikamwambia yule wa Dar elfu thelathini, akataja ishirini, tukaishia ishirini na tano.

Babu alipokuja saa nne nikampa nusu. Alizikunja akaziweka kwenye kofia, akapekua mfuko, akanitolea mia mbili iliyopinda.

"Na hii je?"

Nikaipeleka kwenye mwanga, nikazungusha ukucha ukingoni. Alama ya nyundo ilikuwa imekaa juu ya simba, imezilaza nywele zake.

"Hii ya mtaani, babu. Nipe vikombe viwili."