Suha, Nyota Iliyosahauliwa

Mwezi wa Mei, baada ya sala ya Isha, Dubu Mkubwa, lile kundi la nyota, husimama upande wa kaskazini akiwa amepinduka, kwa sisi tunaomtazama kutoka Tanga, na katikati ya mkia wake hung'aa nyota iitwayo Mizari. Mwenye macho mazuri ataona kwamba ubavuni mwake kuna nuru nyingine, ndogo mno, ambayo Waarabu waliiita Suha. Jina hilo lina mzizi mmoja na neno letu "kusahau", lile la sijida ya kusahau.

Waarabu wa kale hawakuona dubu hapo. Nyota nne waliziita jeneza, na tatu za mkia wakaziita mabinti wanaolifuata jeneza la baba yao, aliyeuawa, kwa masimulizi yao, na Jadi, nyota ya ncha ya kaskazini, na ndiyo sababu wanaizunguka usiku kucha wakitaka kisasi. Suha ilikuwa kipimo cha macho, kama alivyoandika al-Sufi, mwanafalaki wa Uajemi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, na hadi leo Waarabu wana methali juu ya anayeulizwa jambo la ndani akajibu lililo wazi kwa kila mtu: "Ninamwonyesha Suha, naye ananionyesha mwezi."

Wanajimu wana machache ya kusema juu yake. Ptolemy, mwanajimu wa kale wa Iskandaria, alizipa nyota za Dubu Mkubwa tabia ya sayari ya Mirihi, yaani ukali, na kwa hesabu za sasa Suha huangukia karibu na daraja ya 16 ya buruji ya Mashuke. Lakini ukali wa Mirihi katika nyota ambayo watu hubishana kama ipo au haipo, mimi haujaniingia akilini.

Wahindu wameitendea haki zaidi. Kwao Mizari ni mzee Vasishtha na Suha ni mkewe Arundhati, na maharusi huonyeshwa nyota hizo mbili usiku wa ndoa, wakielekezwa kwanza ile kubwa ili jicho lipate njia ya kuifikia ndogo. Wajapani, kinyume chake, waliiita nyota ya umri, wakiamini kwamba asiyeiona hatamaliza mwaka. Huku kwetu mtu akiambiwa nyota yake imefifia, hutafuta wa kumsafishia, tena kwa fedha.

Juzi nilikaa barazani na mpwa wangu, nikamwelekeza Mizari kwanza, kwa utaratibu wa Kihindu, kisha nikamwambia atazame pembeni yake kidogo.

"Ile nyekundu, mjomba?"

Ilikuwa taa ya mnara wa simu. Nikavua miwani, nikaifuta kwa pindo la kanzu, na nilipoivaa tena sikuiona Suha hata mimi, mpaka yeye aliponishika kidevu na kunigeuza kichwa.