Pikipiki ya umeme ya mwanangu: chaja ya Marekani, mbigili za Dodoma

Shemeji yangu anaishi Ohio. Alipotuma mzigo wa nyumbani kwa meli, ndani yake kulikuwa na boksi kubwa lililoandikwa jina la Ibra: pikipiki ndogo ya umeme, ile ya kukimbizia kwenye vumbi, ikiwa vipande vyake bado havijaunganishwa. Ibra alikuwa ametimiza miaka 13, na kitabu cha maelekezo kinataka umri huo kwenda juu, uzito usizidi ratili 140, yaani kama kilo 64. Spidi yake ya mwisho ni maili 14 kwa saa, sawa na kilomita 22 hivi. Ukiisoma kwenye karatasi unaiona ndogo. Subiri umwone mtoto amekaa karibu na ardhi anakuja upande wako, na hakuna mlio wa injini wa kukushtua. Pale pale nikasema hii nitaitunza kama pikipiki, habari ya kitu cha kuchezea tuiache.

Wazazi wenzangu wakiniuliza, wanauliza kuhusu kuanguka. Kuanguka kupo, nitakugusia mbele. Ila jasho lilinitoka kwenye umeme, nati na matairi.

Naanza na chaja, maana hapo ndipo nyumba inaweza kuungua. Kabla ya kuchomeka chochote niliigeuza nikasoma lebo yake ya nyuma. Imeandikwa inapokea volti 120, hezi 60. Ukutani kwetu TANESCO wanaleta volti 230, hezi 50. Chaja nyingi za simu na kompyuta mpakato zimeandikwa 100–240V. Hizo zinakubali kotekote, unatafuta adapta ya plagi tu basi. Hii haikuandikwa hivyo. Jirani yangu, mtu mwema sana, akaniambia, "Mama Ibra, nunua adapta uchomeke, itakubali tu." Adapta inabadilisha umbo la plagi. Umeme unaopita ndani ni ule ule wa 230. Chaja ya namna hii ukiichomeka, ikikuonea huruma itakata fyuzi. Isipokuonea itatoa moshi.

Njia zilikuwa mbili: kununua transfoma ya kushusha umeme, au kutafuta chaja nyingine ya volti zetu. Transfoma nzuri ni nzito, inapata moto, na watu humu ndani watachomeka vitu vyao juu yake. Nikachagua chaja mpya. Ukienda dukani usiseme "nipe chaja ya volti 24" ukaishia hapo. Mwambie muuzaji betri zako ni za aina gani. Zetu ni za madini ya risasi na asidi, zilizozibwa, mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata volti 24. Chaja ya lithiamu hata ikikaribiana volti haifai kwa hizi, na ya hizi haifai kwa lithiamu. Kila aina ina jinsi yake ya kumalizia kuchaji. Angalia na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Ile ya zamani ilitoa ampea 1.5, nikatafuta ya kiasi hicho hicho.

Halafu kuna chanya na hasi. Tundu la kuchajia la pikipiki yetu lina pini tatu, na si kila kiwanda kinaziunga sawa. Nilichukua multimita ya kaka yangu, kile kifaa cha kupimia umeme, nikapima kwenye tundu la pikipiki nijue chanya iko pini ipi, kisha nikapima mdomo wa chaja mpya ikiwa imechomekwa ukutani. Zikalingana. Chaja ilisoma volti 28 na ushee, na muuzaji alikuwa ameshaniambia nisiogope: chaja ya volti 24 lazima izidi betri ndipo isukume umeme kuingia.

Betri zenyewe zilikuwa zimekaa baharini na bandarini muda mrefu, kwa hiyo nazo nilizipima moja moja kabla ya kuzichaji. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.7 au zaidi kidogo. Ikishuka karibu na 11.8 hiyo ni tupu, na ikikaa tupu wiki nyingi inajifia ndani kwa ndani hata kama haijaguswa. Zetu zilikuwa 12.4 na 12.3. Nikashukuru Mungu.

Fundi wa pikipiki wa pale kituoni, kijana ninayemheshimu kwa kazi yake, alijitolea kuzichaji kwa mashine yake ya gereji. "Mama, kwangu nusu saa tu zimejaa."

"Fundi, mashine yako inatoa ampea ngapi?"

"Kumi, ikitaka hata ishirini."

"Hizi zina ampea-saa saba tu, mwanangu."

Akacheka, akaelewa. Ampea-saa ndiyo ujazo wa betri, na betri ndogo kama hizi zinavumilia kama ampea mbili. Ukizisukumia kumi zinapata moto, zinavimba tumbo, zinatoa gesi. Kwa chaja yake halali ukipiga hesabu unapata kama saa tano, lakini sehemu ya mwisho huingia polepole, kwa hiyo mimi nazipa mchana mzima hadi taa iwe ya kijani, kisha nachomoa.

Nasema mchana kwa makusudi. Usiku hatuchaji, na hatuchaji nyumba ikiwa haina mtu mzima. Mahali ni barazani, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mtungi wa gesi na mbali na mlango. Ukichajia mlangoni, siku ikiwaka utapitia wapi? Chaja inachomekwa kwenye soketi ya ukutani, haipiti kwenye ile eksitensheni ya pasi na birika. Katikati nimeweka kifaa kile cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi, kwa sababu umeme wetu ukikatika huwa unarudi na hasira. Na Ibra akitoka kuendesha haruhusiwi kuchomeka pale pale. Betri zipoe kwanza. Zikipoa, zichajiwe siku hiyo hiyo. Betri za risasi haziuawi na kuchajiwa mara kwa mara, zinauawa na kuachwa na njaa. Hata shule ikifungua na pikipiki ikalala, kila mwezi tunaichaji. Stoo yetu ni ya mabati, saa nane mchana ndani ni tanuri, kwa hiyo pikipiki inalala korido.

Kuifunga tulifanya mimi na Ibra, kwenye shuka la zamani ili nati zisipotee. Kiwandani walishafunga karibu kila kitu. Kilichobaki ni gurudumu la mbele, usukani, madigadi na kurekebisha breki. Kazi ya saa chache ukiwa na spana na funguo za alen, nusu yake ni kusoma kitabu. Usukani unashikwa na bolti nne. Usikaze moja hadi mwisho ndipo uende nyingine. Kaza kidogo kidogo kwa kukingamisha, hii kisha ya pili yake ya upande wa mshazari, mpaka nafasi za mbele na nyuma zilingane. Tulipomaliza nikasimama mbele ya pikipiki, nikabana gurudumu kwa magoti, nikamwambia Ibra ashike usukani aukunje kwa nguvu zake zote. Haukusogea. Ungesogea magotini kwangu, ungesogea pia kwenye kona.

Kisha mota. Tulipandisha gurudumu la nyuma juu ya kigoda lining'inie hewani, hakuna mtu nyuma, ndipo nikawasha swichi. Hapo ndipo tulipoona jambo dogo ambalo lingetuletea kubwa. Ukizungusha ekseleta na kuiachia, ilirudi, lakini kwa uvivu, na robo ya mwisho ilikuwa inajikokota. Nikazima, nikainama kuangalia kwa tochi ya simu. Mpira wa kushikia ulikuwa umesukumwa ndani mno hadi unasugua kile kikombe cha plastiki chenye waya. Hata alama nyeupe ya kusuguana ilishaanza kuonekana. Tuliulegeza, tukauvuta nje upana wa ukucha, tukakaza. Ekseleta ikarudi kwa mlio, tap. Pikipiki ya umeme haina klachi wala gia ya kukuokoa. Ekseleta ikikwama, nguvu yote iko kwenye gurudumu papo hapo. Kinachobaki ni breki, na hii yetu ukikamata breki mota inakata. Hilo nalo tulilijaribu gurudumu likiwa hewani kabla mtoto hajapanda.

Wiki zile za kwanza nati zinalegea, msishangae. Mtikisiko wa njia za huku si mchezo. Kila kabla ya kutoka Ibra anapita na spana: ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma, usukani, breki. Mimi napita nyuma yake nikigusa zile zile, naye analalamika, na analalamika akiwa anaendelea kukaza.

Mnyororo unataka mchezo kidogo katikati, kama sentimita moja hadi moja na nusu ukiubonyeza kwa kidole. Ukiubana sana unakula sproketi, lile gurudumu la meno, na kuichosha mota, ukiulegeza unaruka. Grisi nzito msipake, hasa kama mnaishi kwenye vumbi kama letu, maana inageuka kuwa msasa. Tunafuta kwa kitambaa kikavu, tunadondosha oili nyepesi, tunafuta iliyozidi. Na hili nalisema kwa sauti: swichi izimwe na plagi ya betri ichomolewe kabla kidole hakijakaribia mnyororo. Kitambaa kikimezwa na sproketi, kinaenda na kidole.

Fyuzi ilikata mara moja, Ibra alipolazimisha kupanda kilima cha mchanga akiwa amempakia rafiki yake nyuma. Rafiki mwenyewe akashauri tuunge kwa kipande cha waya. Fyuzi ikikata inasema kuna kitu kimezidiwa. Ukiweka waya, kitakachoungua safari ijayo ni kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, au utaona moto. Tuliweka fyuzi ya namba ile ile, na rafiki akashuka. Kiti ni cha mtu mmoja.

Sasa matairi. Sisi tunakaa nje kidogo ya Dodoma mjini, na mtu wa Dodoma ukimtajia mbigili ananyanyua mguu. Kambegu kadogo, kakavu, kenye pembe ngumu, na kameumbwa hivi kwamba kakianguka vyovyote vile, pembe moja inaangalia juu. Kiangazi uwanja mzima umejaa. Pancha zilituandama mpaka fundi akatushauri tuweke ile dawa ya maji ya kuziba pancha ndani ya tyubu. Imesaidia sana, ingawa mwiba wa mgunga bado unapita. Tairi zinajazwa upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake, na zinapimwa kwa geji, kidole gumba hakijui kitu. Tairi laini inaifanya mota ihangaike, na betri inaisha mapema.

Mvua zikianza, kwetu kuanzia Desemba hivi, pikipiki inakaa ndani siku za matope. Madimbwi hapiti. Kuosha ni kitambaa chenye unyevu. Mashine ya maji ya presha ya pale gereji haiigusi kamwe, kwa sababu maji yatapenya kwenye mota na kontrola.

Kuhusu kuanguka: helmeti ya bodaboda ya mtu mzima ilikuwa inacheza kichwani kwa Ibra kama sufuria, tukatafuta ya saizi yake inayofunika na kidevu. Akitikisa kichwa nayo itikisike na ngozi ya paji, hapo inamkaa. Glavu, kinga za magoti na viwiko, viatu vya kufunika. Kandambili ni marufuku. Anaendesha kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba, barabarani haingii. Kitabu chenyewe kimekataza, na bodaboda na daladala za huku unazijua. Ameshaanguka, amechubuka kiwiko pale kinga ilipojigeuza, akaoshwa, akarudi.

Baadaye betri zilianza kuchoka, mwendo ukawa mfupi. Nilidhani itabidi tuagize Marekani. Nilipozitoa nikakuta zimeandikwa 12V 7Ah, yaani volti 12, ampea-saa saba, betri zile zile zinazokaa kwenye UPS za ofisini na kwenye kengele za ulinzi. Zipo mjini hapa hapa, Kariakoo ya Dar es Salaam ndiyo usiseme. Nilinunua mbili za aina moja, za tarehe moja. Usichanganye mpya na ya zamani, ile mbovu itaivuta nzima. Kabla ya kuchomoa nilipiga picha waya zote, chanya ya moja inavyokwenda hasi ya mwenzake, na nikafunga kila ncha tepu ya umeme ili zisigusane nikiwa nahangaika. Zile za zamani zina risasi na asidi, jalalani hazitupwi. Nilizirudisha dukani, mwenye duka akazipima kwenye mzani na kunipunguzia kidogo kwenye bei ya mpya.